Mwalimu Muhidini na Mzizi wa Kisiwa cha Mwinyi Karibu

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mji, na mbele ya mji palikuwa na kisiwa. Kilikuwa kidogo, mtu angekizunguka chote na kurudi kabla wali wake haujaiva. Kati ya mji na kisiwa palikuwa na fungu la mchanga. Maji yakijaa, fungu linazama. Maji yakipwa, fungu linatoka, na watu wanavuka kwa miguu.

Kisiwa kile kilikuwa kizuri. Kilikuwa na bustani iliyopandwa na watu wa kale, na msikiti na makaburi ya watu haohao, yote yamekuwa magofu. Kilikuwa na pwani ya mawe meupe, na mawimbi yakipasuka pale yanarusha povu mpaka juu ya miti. Lakini watu wa kale walikwisha kwenda zao. Aliyebaki kuwa mwenyeji ni zimwi.

Zimwi huyo aliitwa Mwinyi Karibu, na ukimtazama hukuona uzimwi. Alivaa kanzu safi, akapiga kilemba kikubwa, akanukia udi. Kinywa chake cha mbele kilikuwa cha maneno matamu. Kinywa cha kumezea watu kilikuwa kisogoni, chini ya kilemba.

Basi, mjini aliishi mwalimu wa chuo cha Kurani, jina lake Muhidini, pamoja na mkewe Somoe. Mwalimu Muhidini alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kusikia kosa akalinyamazia. Ukisema jua limetua, atakwambia bado ukingo wake unaonekana. Watu walimheshimu, na wakimwona anakuja walipunguza maneno.

Mwaka mmoja homa iliingia mjini. Ilimshika huyu ikamwachia, ikamshika yule ikamwachia. Ilimshika Somoe, haikumwachia.

Shangazi yake Somoe, Bi Mize, akamwambia Mwalimu, "Dawa ipo. Ni mrehani unaoota kando ya kisima, kule kisiwani. Majani yake hayafai kitu. Mzizi ndio dawa. Uchimbwe, uchemshwe, anywe."

"Mbona watu hawaufuati?"

"Wanaufuata. Hawarudi."

"Zimwi anawala?"

"Hamli mgeni wake. Huo ni mwiko kwake. Lakini mgeni akimtolea mwenyeji neno baya, ugeni umevunjika. Hapo kilemba kinafunguka."

"Basi ni rahisi. Sitamtolea neno baya."

Somoe akacheka palepale kitandani, kicheko kikageuka kikohozi. "Wewe? Wewe uliyemkatiza bwana harusi mbele ya watu, kwa kuwa amelitaja vibaya jina la babu wa mkewe?"

"Alilitaja vibaya."

"Naam, mume wangu. Alilitaja vibaya." Akamshika mkono. "Nenda. Uung'ate huo ulimi wako. Na urudi upesi."

Siku hiyohiyo, maji yalipokupwa, Mwalimu Muhidini akavuka.

Sasa nyinyi mnaijua adabu ya mgeni. Mgeni halipuki na shida yake mlangoni. Huketi, akanywa maji, akala alichopewa, na akangoja mwenyeji amuulize, "Enhe, habari za kuja?" Hapo ndipo husema. Wala haondoki mpaka ameaga na amepewa ruhusa. Mwalimu Muhidini aliwafundisha watoto adabu hiyo miaka mingi, na wengine aliwafundisha kwa bakora.

"Hodi!"

"Karibu! Karibu, mgeni wangu, karibu ndani!" Mwinyi Karibu alikuja mbio, amefungua mikono yote miwili. Akamkalisha, akamnawisha, akamletea samaki wa kupaka na wali wa nazi.

Mwalimu akala. Akangoja aulizwe. Hakuulizwa.

"Sasa tukaione bustani," akasema Mwinyi Karibu. Akatangulia mbele, akiimba:

*Karibu uone, karibu ule,*
*kisiwa changu hakina kelele.*
*Karibu ukae, haraka ya nini?*
*Njia ya kurudi iko majini.*

Bustani ilikuwa nzuri kweli. Palikuwa na mikomamanga na mindimu, na maua ya mwasumini yalikuwa yametapakaa chini kama nguo iliyoanikwa ikaanguka. Mwinyi Karibu alisimama penye kila mti. Akauelezea. Kisha akarudi nyuma kuueleza tena ule wa kabla yake, akidhani kuna jambo amelisahau, na hakuwa amesahau chochote.

Akafika penye mkarafuu. Akaupigapiga shina. "Huu ni mdalasini. Niliupanda mwenyewe mwaka jana."

Mwalimu akautazama. Ulikuwa mkarafuu, nao ulikuwa mkubwa kuliko nyumba, na harufu yake hata kipofu asingeikosea.

Kilemba cha Mwinyi Karibu kikatikisika kidogo kwa nyuma.

Mwalimu akameza hasira yake. "Ahsante, mwenyeji wangu."

Wakafika kisimani. Kando ya kisima, ndani ya udongo mkavu wenye mawe, palikuwa na mrehani mmoja. Mwalimu akainama, akauzungushia vidole.

"Aa, usijichafue, mgeni wangu! Mgeni hashiki udongo kwangu. Njoo nikuonyeshe kile kichuguu."

Wakaenda kukiona kichuguu. Waliporudi pwani, fungu la mchanga lilikuwa limezama.

"Maji yamejaa!" akasema Mwinyi Karibu kwa furaha. "Haraka ya nini? Utalala."

Siku ya pili Mwalimu aliamka mapema. Maji yalikuwa yanaanza kupwa. Alimwona Mwinyi Karibu anakaanga maandazi, akaketi. Akala. Akangoja aulizwe. Hakuulizwa.

"Leo ni magofu," akasema Mwinyi Karibu. "Mtu kama wewe, msomi, atayapenda sana magofu." Akatangulia mbele, akiimba:

*Karibu uone, karibu ule,*
*kisiwa changu hakina kelele.*
*Karibu ukae, haraka ya nini?*
*Njia ya kurudi iko majini.*

Wakaingia msikitini. Paa lilikwisha kuanguka, na mtini ulikuwa umeota kwenye ukuta. "Watu wa kale," akasema Mwinyi Karibu, "waliswali wakielekea jua linakotoka, ili lisiwakute wamelala."

Kibla kilikuwa pale mbele yao, kimechongwa kwa matumbawe, kinaelekea kaskazini. Mwalimu alifunga macho. Akameza hasira yake. "Ahsante, mwenyeji wangu."

Wakafika makaburini. Palikuwa na kaburi moja lenye nguzo, na mwilini mwa nguzo palikuwa na maandishi. Mwinyi Karibu akaegemea nguzo hiyo kwa kiwiko. "Hapa amelala jemadari mkali ajabu. Aliua simba kwa ngumi. Alikufa kwa kula halua nyingi."

Mwalimu aliyasoma maandishi. Yalikuwa machache, na yalisomeka vizuri. *Hapa amelala Mwana Hadiya. Mumewe ndiye aliyesimamisha jiwe hili.*

Akayasoma tena. Angeweza kuyavumilia makosa mengine yote, lakini si hilo, wala si kile kiwiko.

"Mgeni wangu," akasema Mwinyi Karibu polepole, bila kugeuka, "mbona umenyamaza? Kuna kosa?"

Kilemba kilikuwa kinapanda na kushuka, kama kifua cha mtu anayepumua.

Mwalimu akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Akamfikiria Somoe. Akameza hasira yake, na safari hii ilishuka kama mwiba wa samaki.

"Ahsante, mwenyeji wangu."

"Basi nitakusimulia habari za jemadari huyu tangu utoto wake."

Akamsimulia. Jemadari alikuwa na ndugu wengi, na kila ndugu alikuwa na hadithi yake, na kila hadithi ilipokaribia mwisho Mwinyi Karibu alisema, "Hapana, nimekosea, ngoja nianze upya." Alipomaliza, fungu la mchanga lilikuwa limezama.

"Maji yamejaa! Haraka ya nini? Utalala."

Siku ya tatu Mwalimu hakusikia ladha ya chakula. Akala. Akangoja aulizwe. Hakuulizwa.

"Leo ni pwani," akasema Mwinyi Karibu. "Watu wanatoka mbali kuja kuiona pwani yangu." Akatangulia mbele, akiimba wimbo wake wote, na safari hii aliuimba polepole:

*Karibu uone, karibu ule,*
*kisiwa changu hakina kelele.*
*Karibu ukae, haraka ya nini?*
*Njia ya kurudi iko majini.*

Wakaketi juu ya mawe meupe. Upande wa pili mji ulionekana wazi, na moshi wa majiko yake. Fungu la mchanga lilikuwa limetoka, jeupe, kavu, limenyooka mpaka mlangoni kwa watu.

"Tuhesabu mawimbi," akasema Mwinyi Karibu. "Lile ni la kwanza. Lile la pili. Lile... Loo! Lile ni la tatu, au ndilo lile la pili limerudi?"

"Ni la tatu," akasema Mwalimu.

"Hatuna hakika. Tuanze upya. Lile la kwanza. Lile la pili. Umeona yule kaa? Kaa yule ni mjanja sana. Nilikuwa nimefika la ngapi?"

"La pili."

"Hatuna hakika. Tuanze upya."

Neno likapanda. Lilitoka tumboni kwa Mwalimu, likapita kifuani, likafika kwenye meno. Lilikuwa neno fupi, na lilikuwa la haki. Kilemba cha Mwinyi Karibu kikaanza kujifungua chenyewe, mkunjo mmoja, mkunjo wa pili, mkunjo wa tatu. Mwalimu akaliona jino la kisogoni. Akaona na vitambaa vilivyonasa kwenye jino lile, vipande vya kanzu na vya kanga.

Akalirudisha lile neno. Na katika kulirudisha, akakumbuka jingine.

"Mwenyeji wangu," akasema, "wewe unajua sana mila. Wahenga walisemaje juu ya mgeni?"

Mwinyi Karibu akafurahi, kwa maana hajawahi kuulizwa swali. "Walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Kweli kabisa. Na tena?"

"Walisema, mgeni ni kuku mweupe!"

"Kweli kabisa. Na tena?"

Mwinyi Karibu akaifunga upya mikunjo ya kilemba chake.

"Na tena, mwenyeji wangu?"

"Walisema... mgeni siku mbili."

"Kweli kabisa. Na siku ya tatu?"

"Leo ni siku yako ya kwanza."

"Siku ya kwanza ilikuwa bustani. Ya pili ilikuwa magofu. Siku ya tatu, mwenyeji wangu, mgeni hupewa nini?"

Mwinyi Karibu alitazama bahari, akatazama mawe, akatazama vidole vya miguu yake. Mwenyeji anayevunja mila si mwenyeji tena, na zimwi asiye mwenyeji hana kisiwa. Akasema kwa sauti ndogo sana:

"Jembe."

"Basi nipe."

Akampa. Lilikuwa jembe bovu, limeliwa na kutu, na mpini wake ulikuwa unacheza. Mwalimu akalibeba begani, akaenda moja kwa moja mpaka kisimani, akaanza kuchimba.

"Si hapo!" akapiga kelele Mwinyi Karibu. "Mgeni hachimbi hapo!"

"Mimi si mgeni. Mwenye jembe ni mtu wa shamba. Nitachimba ninapotaka, na nitasema ninachotaka." Mwalimu akapiga jembe. "Ule si mdalasini! Ule ni mkarafuu, na ulipandwa kabla babu yako hajaota meno!"

Kilemba kikafunguka chote. Kinywa cha kisogoni kikapanuka kimmeze. Lakini kilikuja kumeza mgeni, na mgeni hakuwapo. Kikabaki wazi. Mara likatoka jitu la miraba minne, mwuza samaki aliyepotea mwaka wa mvua kubwa, linasema, "...na tena ni mkarafuu, mjinga wewe!"

Mwalimu akapiga jembe mara ya pili. "Kibla hakielekei jua linakotoka! Kinaelekea kaskazini, na kipo, kitazame!"

Wakatoka watu wengine, wamekunja ngumi. "...kaskazini, hata mtoto anajua!"

Mwalimu akapiga jembe mara ya tatu, na sauti yake ikawa ndogo. "Na pale hakulala jemadari. Pale amelala Mwana Hadiya. Ondoa kiwiko kwenye jiwe lake."

Hapo wakatoka waliobaki wote, wake kwa waume, wamelowa, wamekasirika, kila mmoja anamaliza lile neno alilokuwa nalo mdomoni siku alipomezwa. Kisiwa kisichokuwa na kelele kikavuma kama soko.

Mwinyi Karibu akasinyaa. Kanzu ikalegea, tumbo likaingia ndani, akaketi chini kama gunia lililomwagwa. Akamtazama Mwalimu, aliyekuwa amepiga magoti anautoa mzizi.

"Ni hicho tu ulichokuja kutafuta?" akauliza. "Mzizi?"

"Ni hiki tu."

"Mbona hukuniomba?"

"Hukuniuliza."

"Mimi ni zimwi," akasema Mwinyi Karibu. "Mimi siulizi. Lakini mwenyeji hamnyimi mgeni kitu alichoomba. Huo nao ni mwiko kwangu. Ungesema siku ile ya kwanza, kabla hujanawa, ningekung'olea mwenyewe. Hawa wote, hapana hata mmoja aliyeniomba kitu. Walikula, wakangoja, wakanikasirikia."

Akafa. Ikabaki kanzu tupu.

Mwalimu akasimama na mzizi mkononi. Hakupata kosa la kusahihisha.

Basi akashika njia. Lakini wale waliotoka tumboni walikuwa watu wenye adabu zao, wakamzunguka.

"Kijana, simama kwanza tukushukuru!" akasema mzee mmoja.

"Tukujue kwanza," akasema mama mmoja. "Wewe ni wa ukoo gani, baba?"

"Ngoja kwanza tukuombee dua," akasema mwuza samaki, na tayari ameinua mikono.

"Mke wangu anaumwa," akasema Mwalimu. "Nipisheni."

Lilikuwa jambo rahisi kulisema. Wakampisha mara moja. Akakimbia juu ya fungu la mchanga, na maji yalikuwa yanarudi, yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, akaupandisha mzizi juu ya kichwa, akavuka.

Mlangoni alimkuta Bi Mize.

"Umerudi, mwanangu. Keti kwanza."

"Shangazi."

"Unywe maji kwanza. Upumzike kwanza."

"Shangazi, niambie."

Bi Mize akamwambia. Somoe alikuwa amefariki alfajiri ile.

Mwalimu akauliza, "Alisema nini?"

"Jana jioni aliuliza kama maji yamekupwa. Tukamwambia bado. Akacheka. Akasema, 'Maskini, huko aliko amekwisha uuma ulimi mpaka umekatika.' Kisha hakusema tena."

Wakamzika alasiri. Mwalimu akaketi matangani na watu wakaja kumpa pole, mmoja mmoja, kila mtu kwa maneno yaleyale. Akawajibu wote. Kisha akatazama huku na huku, akauliza:

"Bi Jokha yuko wapi? Nyumba zetu zinagusana."

Watu wakatazamana. "Mwanawe ana homa," mmoja akasema. "Homa ileile."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Ameona si adabu kukuletea shida yake wakati wewe una msiba."

Mwalimu akainuka. Akauchukua mzizi pale alipokuwa ameuweka, haujaoshwa hata udongo. Akaenda kwa Bi Jokha, akausukuma mlango. Hodi hakupiga.

Bi Jokha akashtuka, akajitanda kanga yake vizuri. "Mwalimu! Pole sana na msiba, baba. Mungu akupe subira. Karibu, karibu kiti..."

"Washa moto, Bi Jokha."

"Ukae kwanza, jamani, hata maji hujanywa..."

"Maji yatie kwenye sufuria," akasema Mwalimu Muhidini. "Mtoto yuko wapi?"

Wakauosha mzizi, wakauchemsha, mtoto akanywa. Akatoka jasho usiku kucha. Kulipokucha, alifungua macho, akasema bila salamu kwa mtu yeyote, "Nataka uji."

Mama yake akataka kumgombeza kwa kutosalimia wakubwa.

"Mwache," akasema Mwalimu. "Amesema anachotaka. Mpe." Akakaa pale mpaka uji ulipoiva. Kisha akarudi nyumbani kwake, kwenye matanga.

Hadithi yangu nimeitua hapo, wala sina nyingine mgongoni. Mafunzo yake ni haya: mwenye shida aiseme mapema, asingoje kuulizwa. Na wewe mwenyeji, mtu akifika mlangoni kwako, muulize kwanza ana shida gani. Kiti hakikimbii.